DEMANI HAIFUNGWI FUNDO: Nilivyojifunza Ubaharia Lamu

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Kaa kitako unisikilize, kwani leo nina deni la kulipa. Tangu tufungue shule muhula huu, wenzangu wamekuwa wakinishika mikono na kuniuliza, "Kwani ulikuwa ukivunja mawe wapi?" Sugu zilizomo viganjani mwangu zimewashangaza wengi. Mwalimu mlezi wa chama chetu naye aliponitaka niandike makala ya kueleza jambo nililolitenda kwa mikono yangu mwenyewe, niliona njia mbili zimekutana. Basi nitakueleza jinsi mtu asiyejua kitu anavyofunzwa ubaharia wa chombo cha tanga, na pia kosa nililolifanya, ambalo nusura litupeleke sote chini ya maji.

Mimi ni mtoto wa bara. Kwetu ni mashamba ya viazi, na maji mengi niliyokuwa nimeyaona maishani ni ya bwawa la kunyweshea ng'ombe. Lakini katika Kiswahili nilijiona bingwa. Methali nilizijua, ngeli nilizimudu, na mtihani wa mwisho wa muhula nilikuwa nimepata alama 84. Rafiki yangu wa bweni moja, ambaye kwao ni Matondoni katika kisiwa cha Lamu, alizoea kunicheka. "Kiswahili chako ni cha ubaoni," aliniambia. "Njoo kwetu likizo ya Agosti ukione cha majini." Baba yake ni nahodha wa jahazi. Barua ikaandikwa, baba yangu akakubali shingo upande, na mama akaniagiza jambo moja tu: nirudi.

MASHARTI YA NAHODHA

Matondoni ni kijiji kinachojulikana kwa mafundi wa kuunda vyombo. Tulipofika, jahazi la nahodha lilikuwa limepandishwa mchangani likifanyiwa ukarabati. Nilimwamkia mzee "Shikamoo," akaitikia "Marahaba, mwanangu," kisha akaitazama mikono yangu kabla ya kunitazama usoni.

"Umekuja kutembea au kufanya kazi?" akaniuliza.

"Kufanya kazi, Nahodha."

"Basi sikiliza. Mapato ya chombo hugawiwa mafungu. Chombo chenyewe kina fungu lake, nahodha lake, na kila baharia lake. Wewe umejitolea, kwa hivyo huna fungu. Chakula utakula, na mahali pa kulala hapakosi. Ukiambiwa shika, shika. Ukiambiwa acha, acha. Swali utaliuliza tukisha kutia nanga."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mapatano yetu. Hakuna karatasi wala sahihi. Nilipewa pia jaketi la kujiokolea, nikaamriwa nisilivue chombo kikiwa majini.

Saa ile ile nikaanza kujiaibisha. Serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia, alikuwa upande wa pili wa chombo. Akanipungia mkono na kuniita, "Ndoo! Ndoo hapa!" Nikakimbia, nikatafuta ndoo, nikampelekea. Watu walicheka hadi wakakaa chini. Kumbe katika Kiamu, lahaja ya Lamu, "ndoo" ni "njoo"! Alama zangu 84 zilianza kupungua pale pale.

CHOMBO CHENYEWE

Siku nne za mwanzo sikuiona hata foromali ikipandishwa. Kazi yangu ilikuwa ni kusaidia kukalafati. Kukalafati ni kuziba nafasi zilizo kati ya mbao kwa pamba iliyolowekwa mafuta. Pamba husokotwa, kisha ikagongwa kwa patasi na nyundo hadi ikajaa barabara. Ukigonga kidogo, maji yataingia. Ukigonga mno, utaupasua ubao. Baada ya hapo sehemu ya chini hupakwa deheni, ambayo ni mchanganyiko wa mafuta na chokaa, ili wadudu wa baharini watoboao mbao wasiingie. Sehemu za juu hupakwa sifa, mafuta ya papa. Harufu yake, msomaji wangu, usiniulize! Shati langu moja nililiacha huko huko.

Hapo ndipo nilipojifunza majina. Mbele ya chombo ni omo, nyuma ni tezi. Uti wa mgongo wa chombo, mti mrefu ulio chini kabisa, ni mkuku. Mbavu zake ni mataruma. Ndani kabisa, chini, mahali yanapokusanyika maji yanayovuja, ni ngama. Tangu darasa la sita nilikuwa nikiandika katika insha zangu methali isemayo, "Mwenda tezi na omo hurejea ngamani," na nikidhani kwamba tezi na omo ni miji miwili ya mbali. Lo! Nilipopewa upo, yaani kata ya kufulia maji, na kuambiwa nishuke ngamani, ndipo nilipoifahamu. Chomboni unaweza kutembea mbele na nyuma upendavyo, ukaringa juu ya sitaha, lakini mwisho wa yote utashuka kule chini penye maji machafu ukayafue. Hakuna mkubwa wala mdogo. Nahodha mwenyewe nilimwona akishuka.

Vyombo vya mwambao huu ni vya kale sana. Kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katika karne ya kwanza, kinataja mashua zilizoshonwa katika pwani hii ya Afrika Mashariki. Hazikuwa na misumari. Mbao zilishonwa kwa kamba, na chombo cha namna hiyo kilichodumu hadi karibu na zama zetu kiliitwa mtepe. Jahazi la leo lina misumari na tanga lake ni la turubali, lakini umbo la kazi ni lile lile: mbao, kamba na upepo.

KAMBA NA KAZI ZAKE

Jahazi letu lilikuwa na mlingoti mmoja ulioinamia mbele kidogo. Tanga halikufungwa kwenye mlingoti wenyewe, bali kwenye mti mrefu sana uitwao foromali, ambao hutundikwa mlingotini ukiwa umelala mshazari, ncha moja chini upande wa omo na nyingine juu kabisa nyuma. Tanga lenyewe lina pembe tatu. Kuzunguka ukingo wake imeshonewa kamba iitwayo dasi ili kitambaa kisichanike.

Sasa, mtu wa bara akiitazama jahazi huona kamba nyingi zilizotatana kama nywele za asubuhi. Kumbe kila moja ina jina na kazi yake. Nitakutajia zile nilizozishika mwenyewe.

Henza ni kamba nene inayoshika foromali na kupita juu ya mlingoti. Ndiyo inayobeba uzito wote. Jarari ni kamba inayopita katika makapi na kuivuta henza. Nahodha akisema "Tweka!" watu wote hukamata jarari, huku mmoja akianzisha wimbo wa kuvutia kamba na wengine wakiitikia. Wimbo huo si wa burudani. Bila wimbo kila mtu atavuta kwa wakati wake na foromali haitapanda hata hatua moja. Kwa wimbo, watu saba huwa mkono mmoja. Sugu yangu ya kwanza ilitoka kwenye jarari.

Baraji ni kamba ziendazo kwenye foromali kutoka upande wa nyuma, za kuizuia isiyumbe ovyo. Hamrawi iko upande wa chini wa foromali, kule mbele. Amari ni kamba ya nanga.

Halafu kuna demani. Siku ya kwanza serahangi aliponiuliza kama naijua demani, nilijibu haraka haraka, "Ndiyo! Ni msimu wa upepo mwanana, kusi linapoelekea kwisha." Serahangi akanitazama kwa huruma. "Hiyo ni demani ya kalenda," akasema. "Demani ya chombo ni hii hapa." Akanitia mkononi kamba iliyofungwa kwenye pembe ya chini ya tanga, upande wa nyuma. Kamba hiyo ndiyo inayolikaza au kulilegeza tanga. Ukiivuta, tanga hukaza na kushika upepo, chombo kikatia mbio. Ukiiachia, tanga hupepea, upepo ukapita bure na chombo kikatulia. Kwa sababu hiyo, hata ule upande wa chombo unaoinamia maji, upepo unakoelekea, huitwa demani pia. Upande wa pili, unakotoka upepo, ni joshi.

Kisha akaniambia neno ambalo nataka ulishike, msomaji, kwani tutalirudia: "Demani haifungwi fundo. Izungushe mara moja kwenye gogo, ushike ncha yake mkononi. Mkono ukichoka, mwite mwenzako. Usifunge."

Nikaitikia, "Nimesikia." Ni kweli nilisikia. Kusikia na kushika ni mambo mawili.

PEPO NA MAJI

Wazee wa pwani waligawa mwaka kwa pepo. Kaskazi huvuma toka Desemba hadi Machi hivi, likitoka upande wa kaskazini mashariki. Kusi huanza kama Aprili na kuendelea hadi Septemba, likitoka kusini. Kati ya misimu hiyo miwili upepo hubadilika badilika. Kwa karne nyingi vyombo vya Omani, Ghuba na Bara Hindi vilikuja huku kwa kaskazi na kurudi makwao kwa kusi. Hata Vasco da Gama alipopata rubani wa kumwongoza kutoka Malindi mwaka 1498, alivuka hadi Calicut kwa kuubebwa na upepo wa kusi ulipokuwa ukianza.

Lakini upepo peke yake hautoshi. Kule Lamu kuna maji. Kutoka Lamu kwenda kisiwa cha Pate hupitwa mfereji mwembamba uitwao Mkanda, ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko pande zote mbili. Maji yakipwa, chombo kizito hakipiti. Kwa hivyo nahodha huhesabu. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya hapo huwa ni maji mafu, tofauti yake ni ndogo. Nahodha wetu hakuwa na kitabu cha hesabu hizo. Alitazama mwezi usiku, akasema, "Kesho tutang'oa nanga saa kumi alfajiri," na saa kumi maji yakawa pale pale alipoyataka.

Mimi niliyezoea kengele ya shule niliona ajabu. Huku chombo ndicho kinachongoja bahari, wala bahari haimngoji mtu.

KUBISHA

Safari zetu za kwanza zilikuwa fupi. Tulibeba mawe ya kujengea kutoka Maweni, kisiwani Manda, hadi mjini Lamu. Hapo nilijifunza kupakia: uzito ukae chini na katikati. Chombo kitupu nacho hakiendi hivi hivi. Hutiwa farumi, yaani mchanga au mawe ya kukizuia kisipinduke.

Wiki ya pili tukaenda Kizingitini, kwenye ncha ya kaskazini mashariki ya kisiwa cha Pate, tukiwa na saruji na unga. Kwenda kulikuwa raha tupu. Kusi lilitusukuma kutoka nyuma, nikakaa omo nikila nazi na kujiona baharia kamili.

Kurudi ndiko kulikokuwa kazi. Hakuna chombo cha tanga kinachoweza kwenda moja kwa moja kuelekea unakotoka upepo. Lazima kibishe. Hapa wanachama wa Chama cha Kiswahili watege masikio. Sisi tunajua kubisha hodi, na tunajua kubisha maneno. Mabaharia wana kubisha kwa tatu: kukipeleka chombo mshazari upande huu, kisha mshazari upande ule, kwenda na kurudi kama nyoka, hadi ukaufikia mahali ambapo upepo hautaki ufike. Nikiyafikiria yote matatu naona yana ujamaa. Yote ni kung'ang'ana na anayekuzuia, lakini kwa adabu.

Kila mara chombo kinapogeuzwa, tanga nalo lazima lihamishwe upande wa pili wa mlingoti. Hii huitwa kupindua tanga. Demani huachiwa, foromali ikasimamishwa karibu wima, kisha demani hukimbizwa kupitia mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, tanga likafuata. Anayekimbia nayo lazima awe mwepesi. Asipokuwa mwepesi, tanga litamchapa. Nilichapwa mara mbili.

SIKU NILIYOFUNGA FUNDO

Tulikuwa watu saba wa chombo, pamoja na abiria mmoja, mama mfanyabiashara aliyekuwa na magunia manne ya ng'onda, samaki waliokaushwa, akiyapeleka Lamu. Tulibisha tangu asubuhi. Adhuhuri ikapita. Serahangi alikuwa amenipa demani niishike, na kwa muda wa saa nzima niliishika kama alivyonifunza, duru moja kwenye gogo na ncha mkononi.

Tulipoipita Mtangawanda, bahari ikafunguka. Mikono yangu ilikuwa ikiuma. Malengelenge mawili yalikuwa yamepasuka na maji ya chumvi yakiingia. Ningemwita mwenzangu, lakini niliona haya. Nilikuwa nimekwisha kuchekwa kwa ndoo, nimechekwa kwa demani ya kalenda, na sikutaka kuchekwa tena. Basi nikatazama huku na huku, nikaona hakuna anayeniangalia. Nikaizungusha kamba mara ya pili, nikaifunga fundo. Fundo zuri, gumu, la kufungia ng'ombe. Nikakaa chini nikapuliza viganja vyangu.

Haikupita hata robo saa. Upande wa kusini mbingu ilikuwa imefanya weusi, na juu ya maji ukaja mstari mweupe ukitujia kwa kasi. Nahodha aliuona kabla ya wengine. "Regeza demani!" akapaza sauti.

Nikaruka kulifungua fundo. Halikufunguka. Tanga lilikuwa limelivuta hadi likawa kama jiwe. Nikatia kucha, nikatia meno. Upepo ukatupiga. Jahazi likalala upande, na maji yakaanza kuingia juu ya ubavu wa demani, maji ya kijani, mengi, bila haraka. Magunia ya mama yule yakateremka. Rafiki yangu akaning'inia kwenye baraji. Nahodha akapiga ukelele tena, "Regeza!" na kwa mara ya kwanza nikasikia hofu katika sauti yake.

Serahangi alinifikia kwa kutambaa. Hakusema neno. Akachomoa kisu, akaikata demani baina ya tanga na gogo. Kamba iliruka kama nyoka, ikamchapa begani. Tanga likapepea kwa kishindo, na chombo kikainuka polepole, kizito, kikiwa na maji hadi magotini.

"Tua!" Tukaliteremsha tanga. Kisha tukafua maji. Tulifua kwa upo, kwa ndoo, kwa sufuria ya wali, hadi jua likakaribia kuchwa. Hakuna aliyeniambia kitu. Hicho ndicho kilichoniuma zaidi. Laiti wangenitukana!

KUUNGA KAMBA

Kamba iliyokatwa ilifungwa kwa muda, tukajikokota hadi mdomo wa Mkanda, tukatia nanga kungoja maji. Baada ya sala na chakula nilikwenda kwa serahangi. Bega lake lilikuwa limevimba mstari mwekundu. Nikamwambia, "Nisamehe. Ulinionya nami nikafunga." Akanijibu, "Mimi nilifunga pia, nilipokuwa mdogo kuliko wewe. Siku ile hakukuwa na mwenye kisu karibu." Hakuendelea, nami sikumwuliza.

Nikamwendea yule mama, kwa kuwa samaki wake walikuwa wamelowa wote. Nilikuwa na shilingi chache za nauli, nikampa. Akazirudisha. "Samaki watarudi juani," akasema. "Wewe ungerudi wapi?" Msomaji, nilimkumbuka mama yangu na agizo lake, nikageuza uso nisionekane.

Kisha nahodha akaniita. Alikuwa na taa na vile vipande viwili vya demani. Nilidhani sasa zamu ya kuadhibiwa imefika. Kumbe ilikuwa zamu ya somo.

"Tumetia nanga," akasema. "Sasa uliza."

Nikamwuliza kwa nini demani isifungwe, hali henza na amari zafungwa. Akanieleza kwamba henza na amari kazi yao ni kushika, lakini demani kazi yake ni kuachia. "Kamba isiyoweza kuachia si demani," akasema, "ni kitanzi."

Halafu akanifunza kuunga. Kamba hiyo ilikuwa ya nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja. Unazifungua nyuzi za kila ncha, unazikutanisha zikaingiliana kama vidole vya mikono miwili. Kisha kila uzi unapita juu ya mmoja na chini ya mwingine, kwa zamu, ukikaza kila hatua. Kamba ya mkonge husukwa hivyo mara tatu. Ya nailoni huteleza, basi isukwe mara tano au zaidi. Fundo huipunguzia kamba nguvu, pengine hata kwa nusu, kwa sababu huikunja vibaya. Muungo uliosukwa vizuri huhifadhi sehemu kubwa ya nguvu zake. Wahenga walisema, kamba hukatikia pabovu. Nahodha akaniambia nisuke hadi pale pabovu pasijulikane.

Nilisuka, akafumua. Nikasuka tena, akafumua. Mara ya nne akauvuta muungo kwa mguu na mikono yote miwili, akautazama kwenye taa, akaguna. Tulikwenda kulala.

Alfajiri maji yalijaa. Tulipita Mkanda kwa mkondo na kwa pondo, ile miti mirefu ya kusukumia chombo. Tulipotoka upande wa pili na tanga likatwekwa, nilikwenda kukaa ngamani na upo wangu, mahali nilipoona pananistahili. Nahodha akaniita tezi. Akanitia demani mkononi, ile ile yenye muungo wangu.

"Mkono ukichoka?" akauliza.

"Nitamwita mwenzangu, Nahodha."

Kabla hatujafika Lamu nilimwita mwenzangu mara mbili. Hakuna aliyecheka.

KWA ANAYETAKA KUJITOLEA

Kama wewe nawe unatamani kazi hii, haya ndiyo ninayoweza kukuambia. Nenda kwa mtu anayekujua au anayejulikana na wako, wala usidandie chombo usichokijua nahodha wake. Vaa jaketi la kujiokolea. Jifunze kuogelea kabla ya kwenda, nami nimeanza. Anza na ngama, usianze na usukani. Jifunze jina la kila kamba kabla ya kuigusa, maana amri ya chomboni ni jina tu, na ukilikosa jina umeikosa kamba. Na ukichoka, sema. Haya ya kuchekwa ni nyepesi kuliko maji.

Jambo la mwisho lawahusu wenzangu wa Chama cha Kiswahili. Vyombo vingi vya Lamu sasa vina mashine, na si vibaya, kwani mashine humfikisha mgonjwa hospitali upepo usipovuma. Mafundi wa kule pia hawajalala. Mwaka 2018 waliteremsha majini chombo kilichoundwa kwa taka za plastiki, Flipflopi, ambacho mwaka 2019 kilisafiri kwa tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar. Lakini nahodha aliniambia jambo tulipoagana: "Mashine ikiingia, kamba hutoka. Kamba ikitoka, jina lake hutoka nayo." Mwanawe, rafiki yangu, anataka kuwa mhandisi. Mzee anamuunga mkono, ila sauti yake ilishuka kidogo alipoyasema hayo.

Ndiyo maana nimekuandikia henza, jarari, baraji, hamrawi, amari, dasi na demani. Uyasome, uyatumie, umfunze mwenzako. Mimi kalamu yangu nimeishika kwa saa nzima na mkono umechoka. Namwita mwenzangu apokee. Naitia nanga hapa. Wasalaam.